Tasnifu ya Uzamili: Kutoka Mada Hadi Jalada Gumu

Kila kozi zinapoisha vyuoni, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, nimemaliza masomo ya darasani, sasa tasnifu naanzia wapi?" "Sampuli ya watu wangapi inatosha?" "Msimamizi wangu hajibu mwezi wa pili huu, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Nawalenga hasa wanaosoma uzamili katika vyuo vya Tanzania, upande wa lugha, sanaa na sayansi za jamii, iwe unaandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Niseme mapema ninachoamini: wengi wanaokwama si kwamba hawajui kuandika. Maswali yao, data zao na sura zao hazifahamiani. Ndiyo maana hatua ya 2 nimeirefusha, na ukiwa na haraka soma hiyo kwanza.

Ili tusiongee hewani, nitatumia mada moja ya kubuni: lugha ya madalali katika mnada wa samaki soko la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Mwongozo wa uandishi wa tasnifu wa chuo chako, toleo linalotumika sasa. Usichukue fotokopi ya mtu aliyehitimu miaka sita iliyopita. Humo ndimo mna kikomo cha maneno, upana wa kingo, mtindo wa marejeleo na idadi ya nakala za kuwasilisha.
- Tasnifu tatu zilizopita kutoka idara yako. Zipo maktaba, na vyuo vingi huziweka mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina hazina ya wazi yenye tasnifu nyingi za Kiswahili. Angalia zilivyopangwa, usinakili.
- Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo. Isakinishe leo, usisubiri sura ya tano.
- Kompyuta, flash moja, na akaunti ya hifadhi ya mtandaoni.
- Daftari la utafiti, la karatasi. Utaandika tarehe, ulichofanya, na kilichokushangaza.
- Bajeti. Watu hukumbuka nauli na vocha, wakasahau kuchapa nakala za watahini na kujalidi. Pesa hizo hudaiwa mwishoni kabisa, wakati mfuko umeshakauka.

Hatua 1. Punguza mada

"Lugha katika biashara" si mada, ni bahari. "Lugha ya sokoni Dar es Salaam" bado ni ziwa. "Istilahi na mafumbo wanayotumia madalali wa samaki katika mnada wa Feri" hapo sasa tumefika kisimani, unaweza kuteka maji.

Jipime kwa maswali manne. Je, watu wenye taarifa hizi nawafikia kwa nauli niliyonayo? Je, watakubali kuzungumza nami? Je, kazi ya shambani, yaani kwenda kukusanya data, inaweza kuisha ndani ya wiki nane? Je, yupo mhadhiri idarani anayeweza kuisimamia? Jibu moja likiwa hapana, badilisha mada sasa, wakati kubadilisha hakujakugharimu kitu.

Angalizo: usichague mada kwa sababu tu "haijafanyiwa utafiti Tanzania". Mambo mengi hayajafanyiwa utafiti kwa sababu hayana cha kutuambia. Lazima useme tutajua nini ambacho sasa hatukijui.

Hatua 2. Chora jedwali la ukurasa mmoja

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kabla hujaandika hata aya moja ya usuli wa tatizo, chukua karatasi uilaze, uchore safu sita: swali la utafiti, data inayohitajika, nani anayo, nitaipata kwa njia gani, nitaichambuaje, itakaa sehemu gani ya sura ya nne, yaani sura ya matokeo.

Kwa mfano wetu wa Feri:

Swali la kwanza: madalali hutumia istilahi na mafumbo gani wanaponadi? Data: maneno yenyewe yanavyotamkwa mnadani. Anayo dalali akiwa kazini, si dalali akiwa amekaa kwenye benchi anakumbuka. Njia: kurekodi sauti na kushuhudia. Uchambuzi: kuorodhesha, kupanga kwa makundi. Mahali: sehemu 4.2.

Swali la pili: istilahi hizo zimeundwaje? Data: orodha ileile, pamoja na maelezo ya madalali wenyewe kuhusu asili ya maneno. Njia: usaili. Uchambuzi: njia za uundaji wa maneno. Mahali: 4.3.

Swali la tatu: mnunuzi mgeni hujifunzaje lugha hiyo? Data: simulizi za wachuuzi na mama lishe walioanza kununua karibuni. Njia: usaili. Uchambuzi: kupanga simulizi kwa makundi. Mahali: 4.4.

Umeona kilichotokea? Swali la kwanza limekataa hojaji. Ungegawa hojaji kwa madalali ukiwauliza "mnatumia maneno gani?", ungepata maneno matano wanayoyakumbuka na kukosa mengine yote. Jedwali limekuonyesha hilo ukiwa nyumbani, kabla hujapanda hata daladala.

Safu yoyote ikibaki tupu, swali hilo lifute au ulitengeneze upya. Maswali matatu yanatosha kwa uzamili. Nimewahi kuona pendekezo la utafiti lenye maswali saba. Mwenyewe alipofika sura ya nne, manne yalikuwa hayana data, akaanza kuyafukia kwa maneno mengi.

Mpelekee msimamizi jedwali hili kabla ya pendekezo zima. Kulisoma kunachukua dakika kumi, na akikukosoa hapo amekuokolea miezi.

Hatua 3. Soma, lakini soma ukiandika

Anzia Google Scholar na African Journals Online, ukitafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana makala nyingi kuhusu Kiswahili zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa wanaisimu na wanafasihi, majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama *Kiswahili*, *Mulika* na *Kioo cha Lugha* usiyapite.

Kila makala unayosoma, iingize Zotero siku hiyohiyo na uandike sentensi tatu: aliuliza nini, alipata nini, inanihusu vipi. Ukishindwa kuandika sentensi ya tatu, makala hiyo haina nafasi kwenye tasnifu yako hata kama mwandishi wake ni gwiji.

Kosa kubwa hapa ni sura ya pili iliyoandikwa kama orodha ya mahudhurio: Fulani (2009) alisema, Fulani (2012) naye akasema, Fulani (2015) aliongeza. Panga kwa hoja. Waweke pamoja wanaokubaliana, waweke upande wa pili wanaowapinga, kisha onyesha mahali ambapo wote hawajafika. Mahali hapo ndipo pengo lako.

Neno kwa wanaoandika kwa Kiswahili: sura hii iite "mapitio ya machapisho" au "mapitio ya maandiko". Ukiandika "mapitio ya fasihi" wakati unatafiti VICOBA, mtahini atauliza ulisoma tenzi gani.

Nadharia chagua moja. Taja mihimili yake, sema ni upi utakaoutumia na kwa swali lipi. Tasnifu nyingi zina nadharia inayoingia sura ya pili kwa shangwe, halafu haionekani tena, kama mgeni aliyeondokea mlango wa uani. Mtahini ataitafuta sura ya nne.

Akili unde nayo nimeulizwa sana. Soma kanuni za chuo chako kwanza. Ila ujue kwamba programu hizi hubuni marejeleo: jina la mwandishi, mwaka, jarida, vyote vinapendeza na makala yenyewe haipo. Chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiandike.

Hatua 4. Andika pendekezo, kwa kuanzia katikati

Anza na methodolojia, kwa sababu jedwali limeshaimaliza nusu. Kisha tatizo la utafiti, kisha mapitio, na usuli uje mwisho. Anayeanza na usuli huandika kurasa kumi za historia ya Kiswahili tangu enzi za pwani kabla hajataja samaki.

Kuhusu sampuli, maana swali hili halikauki. Kama utafiti wako ni wa kitakwimu na unajua idadi ya walengwa, fomula ya Yamane ndiyo inayotumika sana vyuoni kwetu: n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni walengwa wote, na e ni kosa linalokubalika. Ukiwa na walengwa 1,200 na kosa linalokubalika la 0.05, unapata 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025), yaani 1,200 ÷ 4, sawa na watu 300. Basi.

Lakini kama utafiti wako ni wa kimaelezo, wa kusaili watu kwa kina, Yamane mwache apumzike. Hapo unateua watu kwa sababu wanajua jambo fulani, na unaendelea mpaka wasailiwa wapya wanarudia yaleyale. Taja makadirio na sababu zake, mathalani madalali 8 na wanunuzi 10, na ueleze vigezo vya kuwateua.

Hatua 5. Vibali: anza mapema kuliko unavyodhani

Kwa kawaida chuo hukupa barua ya utambulisho. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa Halmashauri, na kutoka hapo unashuka kwa mtendaji wa kata, wa kijiji au mtaa. Kwa Feri utamalizia kwa uongozi wa soko. Kila ofisi ina masjala yake, na barua hupumzika masjala. Beba nakala kadhaa, andika namba ya kumbukumbu ya kila barua, na ufuatilie kwa adabu.

Tafiti za afya zinazohusisha watu zinahitaji pia ithibati ya maadili, kutoka kamati ya chuo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Zanzibar ina utaratibu wake, barua ya bara haitoshi. Mtafiti asiye raia hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Na kama data zako unazikusanya Kenya, omba leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, maombi yake ni ya mtandaoni.

Ridhaa ya mhojiwa nayo si mapambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na majina, namba za simu na sauti za watu ni taarifa binafsi. Mpe kila mmoja msimbo (D1, D2, M1) na uweke orodha ya majina halisi mbali na data.

Hatua 6. Nenda shambani na kalenda mkononi

Angalia kalenda ya watu unaowafuata kabla ya kuangalia yako. Shule hufungwa Juni na Desemba. Masika hukata barabara za vijijini. Ramadhani hubadilisha saa za kazi za pwani nzima. Kwa Feri, uliza habari za mwezi na upepo: usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupumzika, na kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa nyingi hubaki ufukweni. Ukipanga wiki yako moja ya kurekodi ikaangukia hapo, utarekodi kunguru.

Fanya jaribio kwanza, siku moja, watu wawili. Hapo utagundua kwamba kelele za soko zinameza sauti, kwamba unahitaji kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na kwamba swali lako la nne la usaili hakuna anayelielewa.

Kila jioni fanya mambo matatu kabla hujalala: hamisha rekodi kwenye kompyuta, zinakili mtandaoni, andika ukurasa mmoja wa daftari. Nasema hivi kwa uchungu. Katika utafiti wangu niliporwa simu kwenye daladala ikiwa na saili kumi na moja ambazo nilipanga kuzihamisha "wikiendi". Nilirudi kwa watu walewale kuwaomba waseme tena. Wawili walikataa, na waliokubali walisema kwa kifupi, kama mtu anayerudia kichekesho.

Kwa hojaji, KoboToolbox, programu ya kujazia majibu kwenye simu, ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Inakuondolea kazi ya kuingiza karatasi 300 kwenye kompyuta.

Hatua 7. Chambua ukiwa bado unanuka shombo

Usisubiri kumaliza kukusanya. Anza kunukuu rekodi, yaani kuyaandika yaliyosemwa neno kwa neno, wiki ileile, wakati bado unakumbuka nani aliguna na kwa nini. Jiandae: saa moja ya rekodi safi hula saa tano au zaidi za kunukuu, na rekodi ya sokoni hula zaidi ya hapo.

Kisha weka misimbo, yaani lebo fupi pembeni ya kila kipande chenye maana. Excel inatosha. Ukitaka programu maalumu ya bure, Taguette ni rahisi. Kwa takwimu, R na jamovi hazina malipo, ukiwa na SPSS ya chuo pia sawa. Programu hazichambui, zinapanga tu.

Hatua 8. Andika sura ya nne kwanza

Rudi kwenye jedwali lako. Safu ya sita tayari imekupa vichwa: 4.2, 4.3, 4.4. Chini ya kila kimoja andika ulichopata, mfano kutoka kwenye data, maana yake kwa mujibu wa nadharia, na kinavyohusiana na waliokutangulia. Nukuu ya msailiwa haijielezi yenyewe. Ukiiweka, iseme inaonyesha nini.

Halafu rekebisha sura tatu za mwanzo. Hapa pana mtego unaowanasa watu kila mwaka: pendekezo liliandikwa kwa wakati ujao. "Utafiti huu utatumia usaili" sasa ni "ulitumia usaili". "Wasailiwa watateuliwa" sasa ni "waliteuliwa". Pitia "uta" na "wata" zote moja moja, usiamini kubadilisha kwa mkupuo, maana kompyuta itakugeuzia hata "utamaduni". Na kama ulipanga madalali 8 ukapata 6, andika 6 na useme sababu.

Istilahi uliyochagua ibaki hiyohiyo. Ukianza na "usaili" usihamie "mahojiano" ukurasa wa 40.

Ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu nzima, andika mwisho kabisa.

Hatua 9. Umbo la waraka

Tumia mitindo ya vichwa ya Word tangu siku ya kwanza, ili yaliyomo yajitengeneze yenyewe. Kurasa za mwanzo huwa na namba za Kirumi, na sura ya kwanza huanza na 1. Ili hilo liwezekane lazima waraka ugawanywe katika sehemu mbili. Badilisha lugha ya kusahihishia iwe Kiswahili, la sivyo kila neno litapigiwa mstari mwekundu, na katika bahari hiyo nyekundu hutaliona kosa la kweli.

Ukikwama

*Msimamizi hajibu.* Kwanza jiulize ulimtumia nini. Sura nne kwa mpigo zenye ujumbe "Naomba maoni" humchosha yeyote. Tuma sura moja, na barua fupi: "Shikamoo Profesa. Naambatisha sura ya tatu. Nimerekebisha sehemu ya sampuli kama ulivyoelekeza. Naomba mwongozo katika mambo mawili yafuatayo." Subiri wiki mbili, kumbusha, kisha nenda ofisini saa zake za wanafunzi. Ikishindikana, mwone mratibu wa uzamili wa idara, ukiwa na barua pepe zako zenye tarehe. Usianze na malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mara nyingi yumo mtu atakayemfikishia.

*Wasimamizi wawili wanapingana.* Waandikie wote kwenye barua pepe moja, eleza maelekezo yote mawili kwa heshima bila kulaumu, uombe msimamo mmoja. Usiandike matoleo mawili.

*Kipimo cha ufanano kimetoka juu.* Hiki ndicho kipimo cha kompyuta kinachoonyesha maandishi yako yanayofanana na ya wengine. Fungua ripoti uone kilichowekewa rangi. Marejeleo na majina ya taasisi si tatizo. Aya nzima ya mapitio yenye rangi moja ni tatizo, na dawa yake ni kufunga chanzo, kueleza kwa maneno yako, kisha kutaja chanzo. Kubadilisha neno mojamoja hakusaidii.

*Matokeo yamekuja kinyume na ulivyotarajia.* Yaandike hivyohivyo. Huenda ndiyo sehemu bora ya tasnifu yako.

*Umeajiriwa na huna muda.* Dakika arobaini kila alfajiri zinazaa kuliko Jumamosi moja kwa mwezi. Jumamosi hiyo nusu yake huisha unakumbuka ulipoishia.

*Umerudishiwa masahihisho baada ya utahini.* Lala kwanza. Kesho yake chora jedwali: maoni ya mtahini, nilichofanya, ukurasa. Usilokubaliana nalo lijibu kwa hoja, ila usiliruke.

Kujalidi

Usijalidi kabla chuo hakijathibitisha kwa maandishi kwamba masahihisho yamekubaliwa. Uliza rangi ya jalada, hutofautiana. Kisha mwombe fundi akuandikie kwenye karatasi maneno atakayopiga mgongoni, na uyasome herufi kwa herufi: jina lako lifanane na la usajili, na mwaka uwe ule unaotakiwa na chuo. Herufi za dhahabu zikishapigwa hazifutiki, utalipia jalada jipya.